Ganzi na Miguu Kuwaka Moto kwa Wanaotumia ARV: Maswali Tunayoulizwa Lamu

Swali la miguu kwa kawaida huja mwisho. Mgonjwa ameshapimwa uzito, ameshapewa dawa zake, ameshasimama, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, ndipo asemapo, "Na hii miguu, je?" Mimi ni muuguzi, na nimefanya kazi na watu wanaotumia ARV, yaani dawa za virusi vya Ukimwi, upande huu wa Lamu, kisiwani na bara. Maswali nimeyaandika jinsi yanavyoulizwa, bila kuyapamba. Majibu hayachukui nafasi ya kupimwa, ila huenda yakakusaidia kulitoa swali lako mapema, ungali umekaa kitini.

"Miguu yaniwaka moto usiku, hata shuka silitaki. Ni hizi dawa?"

Huenda. Ila kama ulianza ARV miaka ya karibuni, kuna uwezekano mkubwa kwamba si ARV zenyewe. Watu wazima wengi Kenya sasa humeza kidonge kimoja kwa siku, kile ambacho chupa yake imeandikwa TLD: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri kwa pamoja. Kidonge hicho kina maudhi yake. Chaweza kukunyima usingizi, chaweza kukuongeza uzito, na tenofoviri hutaka figo ziangaliwe. Kuharibu mishipa ya fahamu ya miguuni si tabia yake.

Wanaobaki kushukiwa ni wengi: ARV za zamani, dawa ya kukinga TB, sukari, upungufu wa vitamini, pombe, na virusi vyenyewe. Tena mara nyingi ni wawili au watatu wameshirikiana. Ndiyo maana silipendi jibu la "ni dawa tu, utazoea", ambalo wagonjwa wengi wamewahi kupewa mahali fulani. Ganzi ina chanzo, na chanzo hutafutwa.

"Ganzi yenyewe ni kitu gani?"

Mishipa ya fahamu hupeleka habari kutoka ngozini hadi kwenye ubongo: hapa pana moto, hapa pana mwiba, hapa ni mchanga. Mirefu kuliko yote ni ile itokayo kwenye uti wa mgongo, kiunoni, hadi ncha za vidole vya miguu. Ikikosa nguvu huanza kuharibika mwishoni, kama taa za nyumba iliyo mwisho wa laini ya umeme zinavyofifia kabla ya nyingine. Kwa hiyo dalili huanza vidoleni na kwenye nyayo, miguu yote miwili, kisha hupanda polepole kuelekea vifundoni. Zikikaribia magoti, ndipo ncha za vidole vya mikono nazo huanza.

Kila mtu ana lugha yake. Mmoja ahisi kavaa soksi naye yu peku. Mwingine ni sindano, mwingine ni sisimizi, mwingine ni moto. Wapo wasioumwa kabisa. Hujua siku ndara inapowatoka njiani wakaendelea kutembea bila habari. Hao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, na sababu nitaieleza chini kwenye swali la vidonda.

"Mimi nilianza dawa zamani, miaka ya 2000 na kitu. Ganzi hii ni ya tangu siku zile."

Basi tunajua pa kuanzia. ARV zilipoanza kusambazwa katika hospitali za serikali Kenya, hadi zilipofanywa za bure mwaka 2006, mchanganyiko uliotumika sana ulikuwa stavudini, lamivudini na nevirapini katika kidonge kimoja, asubuhi na jioni. Stavudini, ambayo kadi za zamani huiandika d4T, ilikuwa rahisi bei na haikuhitaji vipimo vingi. Iliwainua watu walioletwa wamebebwa. Sitaki mtu asome haya akadhani alipewa sumu. Wengi walio hai leo wako hai kwa sababu yake.

Lakini ilikuwa na deni. Virusi vya Ukimwi hujizidisha kwa msaada wa kimeng'enya fulani, na stavudini hukizuia kimeng'enya hicho. Shida ni kwamba ndani ya seli zetu mna mitokondria, ndizo zinazotengeneza nguvu ya seli, nazo zina vinasaba vyao na kimeng'enya chao cha kuvinakili, kiitwacho polimerasi gama. Stavudini ilikizuia hicho pia. Mitokondria mpya zikakosekana, nguvu ikapungua, na mishipa mirefu ya fahamu ikawa ya kwanza kuumia. Didanosini (ddI) na zalsitabini (ddC) zilikuwa na tabia hiyohiyo, na waliopewa stavudini pamoja na didanosini walikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Ganzi ya stavudini kwa kawaida ilianza miezi ya mwanzo, mara nyingi kabla mwaka haujaisha. Waliopatwa zaidi ni waliokwisha kuvuka miaka 40, walioanza dawa CD4 (hesabu ya chembe za kinga mwilini) ikiwa chini mno, na, hili huwashangaza watu, walio warefu. Mtu mrefu ana mishipa mirefu; ina masafa zaidi ya kuhudumia. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima wote wapewe miligramu 30 badala ya 40 zilizokuwa zikipewa wazito, na mwishoni mwa 2009 likazitaka nchi ziachane na stavudini. Kenya ikaanza kuwahamisha watu kwenda kwenye tenofoviri na zidovudini. Waliokaa nayo muda mrefu wengine wana alama nyingine pia: mashavu yaliyoingia, mikono na miguu iliyokauka mafuta. Ni dawa ileile.

Kama ni wewe, mwambie anayekutibu, hata kama ni kijana aliyeanza kazi juzi na hajawahi kuiona stavudini kwa macho yake. Kadi yako mpya huenda haina habari hiyo.

"Si niliiacha miaka mingi? Mbona ganzi haijaniacha?"

Dawa ikiondolewa mapema, wengi hupata nafuu. Hata hivyo wiki za kwanza baada ya kuiacha maumivu yaweza kuzidi kabla ya kupungua, na wengi walivunjika moyo hapo. Ikiwa mshipa ulishaharibika sana, hurudi kidogo tu au haurudi. Neva, yaani mshipa wa fahamu, hukua takriban milimita moja kwa siku hali ikiwa nzuri, na kutoka kiunoni hadi kidoleni ni mbali.

Ganzi ya zamani iliyotulia si ya kukutia hofu. Iliyotulia miaka, kisha ikaanza kupanda tena, hiyo ina sababu mpya. Usiache kuisema kwa kuwa "ni ileile".

"Nimepewa vidonge vya kukinga TB. Navyo vyaweza?"

Ndiyo, na kwa siku hizi hii ndiyo dawa ya kwanza ninayoiuliza. Isoniazidi, ile inayoandikwa INH, hutumika kutibu TB na pia kuikinga kwa watu wanaoishi na virusi. Kozi iliyozoeleka ni miligramu 300 kila siku kwa miezi 6. Isoniazidi huupunguzia mwili vitamini B6, na mishipa ya fahamu haiwezi kufanya kazi bila hiyo vitamini. Ndiyo sababu unapewa kidonge kingine kidogo pamoja nayo, piridoksini, ambayo ndiyo B6 yenyewe.

Hapo ndipo mambo huharibika. Mgonjwa huona kidonge kidogo, asiambiwe kazi yake, akakiacha ili kupunguza mzigo. Au kimekosekana dukani mwezi ule na hakuna aliyekumbuka kumpa mwezi uliofuata. Kama unameza INH, hakikisha una B6, na kama huna, idai. Kudai dawa si utovu wa adabu.

Wengine wana hatari zaidi hata wakifanya kila kitu sawa: wajawazito na wanaonyonyesha, wenye sukari, wazee, waliokonda kwa njaa au maradhi, wanywaji, na watu ambao kwa kurithi tu miili yao huiondoa isoniazidi polepole. Ganzi ikianza, rudi kliniki wiki hiyohiyo. Mara nyingi kuongezwa B6 hutosha. Ikizidi, daktari huamua kama INH isimamishwe. Ikishughulikiwa mapema, ganzi ya INH huisha.

"Basi niache dawa zote kwanza nione."

La. Hili ndilo kosa ninaloliogopa kuliko ganzi yenyewe. Ukiacha ARV, virusi hurudi kwenye damu ndani ya wiki chache, na virusi vyenyewe ni adui wa mishipa ya fahamu. Kwa hiyo utakuwa umeacha dawa ambayo pengine haina hatia, na umemfungulia mlango mshukiwa mwenyewe. Juu ya hayo kuna usugu: kuacha na kuanza, kuacha na kuanza, huzifundisha virusi kuishinda dawa.

Ikiwa kweli ni ARV, hubadilishwa. Inabadilishwa moja kwa nyingine siku ileile, bila pengo.

"Kama si dawa, ni nini?"

Kwanza virusi. Hata mtu ambaye hajawahi kumeza ARV hupata ganzi hii, hasa akikaa muda mrefu bila tiba na CD4 ikashuka sana. Kwake yeye, kuanza dawa na kuzimeza vizuri ndiyo hatua ya kwanza ya kuikinga miguu.

Pili, sukari. Pwani yetu ni ya chai tamu, halua, kaimati na visheti, na watu wenye sukari wasiojijua ni wengi. Ganzi ya sukari na ganzi ya virusi ukiziweka pamoja huwezi kuzitofautisha kwa macho. Dolutegraviri nayo, kwa watu wachache, huweza kupandisha sukari, kwa hiyo ukianza kukojoa sana na kuwa na kiu baada ya kubadilishiwa dawa, usingoje tarehe ya kliniki. Kama tayari unatumia metformini, dawa ya sukari, sema pia. Dolutegraviri huongeza kiwango cha metformini mwilini, hivyo kwa kawaida haipitishwi miligramu 1000 kwa siku. Na metformini ikitumiwa miaka mingi hupunguza vitamini B12, upungufu ambao nao huleta ganzi. Nimeona watu wakitafutiwa mchawi wa ganzi huku jibu liko kwenye pakiti ya metformini mfukoni.

Tatu, pombe. Lamu hili huulizwa kwa sauti ya chini, Malindi kwa sauti ya kawaida, lakini jibu ni moja. Tembo la mnazi kila siku, au chang'aa, huharibu mishipa ya fahamu moja kwa moja na pia humfanya mtu asile. Sikuulizi ili nikuhukumu. Ukinificha, nitaendelea kuilaumu dawa bure.

Halafu kuna vingine: kaswende ya muda mrefu, dawa za saratani kama vinkristini inayotumika kutibu saratani ya Kaposi, linezolidi inayotumika kwa TB sugu. Na ukoma usisahaulike. Bado upo. Huo kwa kawaida hauji sawasawa miguu yote miwili. Tafuta baka lililopauka lisilohisi mguso. Unatibika na dawa zake ni bure.

"Nimeambiwa nimekanyaga kitu."

Nasikia hili sana, na sitamcheka mtu. Mguu unaoumia bila kidonda na bila kuvimba, tena usiku, unamfanya mtu yeyote afikirie uchawi, tego au fingo lililofukiwa mlangoni. Ukitaka dua, soma dua, somewa, hakuna dawa inayogombana na dua.

Ninachokuomba ni mguu wenyewe usiguswe kwa moto wala wembe. Usichanjwe chale mguu uliokufa ganzi. Hijama vilevile, isiwe kwenye nyayo wala vifundo vyenye ganzi, na popote unapofanyiwa wembe uwe mpya na wako peke yako. Na maji moto ya chumvi, ambayo kila bibi wa Lamu atakushauri, ni hatari kuliko yanavyoonekana: mguu usiohisi moto hauwezi kukuambia maji yamezidi. Watu wameungua nyayo zote mbili huku wakisema "yaniburudisha".

Dawa za kienyeji za kunywa, habasoda, mwarubaini na nyinginezo, lete chupa au majani nikuone nayo. Usizifiche.

"Kuna dawa ya haya maumivu?"

Ipo, ila nitasema kweli: hakuna inayoifufua neva. Zilizopo hupunguza makali.

Inayopatikana zaidi hospitalini kwetu ni amitriptilini, kwa kipimo kidogo, miligramu 10 au 25, jioni kabla ya kulala. Ni dawa ya zamani ya huzuni, kwa hiyo usishtuke ukisoma karatasi yake. Hujaambiwa una wazimu. Majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 1998 Marekani hayakuona kwamba inaishinda dawa bandia (kidonge kisicho na dawa ndani) kwa ganzi ya virusi. Bado tunaitumia kwa sababu huleta usingizi, na mtu aliyelala huvumilia mguu wake vizuri zaidi. Hukausha mdomo, hufunga choo, na kwa wazee wenye shida ya tezi dume huzuia mkojo. Mwenye ugonjwa wa moyo aseme kabla ya kupewa.

Gabapentini huwafaa wengine. Huanzwa kidogo na kupandishwa polepole, na kwa mwenye figo dhaifu hupunguzwa. Karbamazepini, ambayo zamani iliandikwa sana kwa maumivu ya neva, sasa iwe mbali nawe kama unatumia TLD, isipokuwa daktari anajua na amerekebisha dozi, kwa sababu huishusha dolutegraviri kwenye damu. Wenye kifafa wanaotumia fenitoini au fenobabitali wako katika hali hiyohiyo.

Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hununuliwa madukani kama peremende, hazisaidii kitu kwa maumivu ya neva. Ukizimeza kila siku pamoja na tenofoviri unaziumiza figo. Tramadoli nayo si ya kujinunulia, huzoeleka haraka.

Kuna bandeji ya kapsaisini, ule ukali wa pilipili, ya asilimia 8, inayotumika katika nchi nyingine na iliyojaribiwa kwa ganzi ya virusi. Hubandikwa na mhudumu, kwa dakika zilizopimwa. Haina maana kwamba usage pilipili za sokoni ujipake.

"Zile sindano za vitamini za duka la dawa?"

Wauzaji huzipenda na wagonjwa huzipenda. Kama huna upungufu wa B12 wala B6, sindano zitakupa mkojo wa rangi nzuri. Kama upungufu upo, zitakusaidia kweli, ndiyo maana nataka tujue kwanza. Tahadhari moja: B6 ikizidi mno kwa muda mrefu, miligramu 200 kwa siku na zaidi kwa miezi, yenyewe husababisha ganzi. Mtu anayepewa piridoksini kliniki, akajinunulia vidonge vya vitamini vya nguvu, kisha akachomwa sindano kila wiki, ajumlishe kabla ya kuendelea.

Vidonge vyenye chuma au kalisi huishika dolutegraviri tumboni isiingie mwilini. Meza TLD pamoja navyo ukiwa na chakula, au umeze TLD masaa mawili kabla yake au sita baada yake.

"Nitajuaje kama miguu yangu imepoteza hisia?"

Kaa kitandani, fumba macho. Mtu wa nyumbani aguse kwa ncha ya kidole chake, wepesi, bila kubonyeza, kwa sekunde moja au mbili: kidole gumba cha mguu, cha katikati na cha mwisho, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Jumla ni vidole 6. Kila unapohisi, sema kulia au kushoto. Ukikosa viwili au zaidi, hisia zimepungua, njoo.

Kliniki tutatumia pamba, uma wa chuma unaotetemeka unaowekwa kwenye kidole gumba, na kinyundo cha kugonga nyuma ya kifundo. Kisha sukari, wingi wa virusi, figo, kaswende. Si lazima upelekwe Mombasa kwa mashine. Kwa watu wengi, mazungumzo marefu kuhusu kila dawa uliyowahi kumeza hutoa majibu zaidi.

"Vidonda vinakuja vipi wakati siumwi?"

Kwa sababu huumwi. Maumivu ni mlinzi; akiondoka, mguu unabaki bila wa kuupigia kelele. Na Lamu ni mji wa miguu. Tunatembea vichochoroni na punda, tunashuka kwenye mashua tukiingia majini, tunapita mchanga wa Shela saa sita za mchana. Mvuvi aliye peku anapita juu ya chaza na miamba. Fundi wa jahazi Matondoni ana misumari chini yake siku nzima. Mkata boriti mikokoni ana vishina vilivyofichwa na tope. Kwa mwenye ganzi kila kimoja cha hivi ni kidonda kisichotoa taarifa.

Vaa kitu mguuni hata ndani ya nyumba. Makubadhi ni mazuri kwa kutazamwa, lakini ukanda unaopita kati ya vidole huchubua, na mwenye ganzi hausikii. Ndara zina kasoro hiyohiyo, na huvuka mguuni. Bora viatu vilivyofunika vidole, vyenye soli nene na nafasi ya kutosha. Hata raba za mtumba, mradi zisikubane. Kabla ya kuvaa, ingiza mkono ndani utafute kijiwe.

Tunatawadha mara tano kwa siku, na hapo pana faida ambayo wagonjwa wa kwingine hawana: unaiona miguu yako mara tano. Itazame kweli. Tazama nyayo, kwa kioo kama shingo ni ngumu, au mjukuu akutazamie. Halafu futa maji kati ya vidole, maana unyevunyevu ule huleta ukungu, ukungu hupasua ngozi, na mpasuko hukaribisha vijidudu. Mafuta ya nazi yapake visiginoni yanapokauka, kati ya vidole yasifike. Kucha zikatwe moja kwa moja, zisichimbwe pembeni. Sugu isikatwe kwa wembe nyumbani.

Kidonda chochote kilichokaa siku mbili tatu bila kuanza kufunga, hata kisipouma, kionwe.

"Naweza kupaka hina?"

Hina ya majani, ndiyo, kama ngozi haina kidonda. Itazame miguu kwanza, kwa sababu hina ikishakolea huwezi kuona wekundu wala mchubuko. Piko nyeusi, siishauri. Ile rangi ya nywele inayotiwa humo hutoa malengelenge kwa watu wengi, na mwenye ganzi huyaona yameshapasuka.

"Kuna jambo jingine, sijui nilisemeje. Mke wangu analalamika."

Wanaume husubiri muuguzi wa kike atoke. Mishipa midogo ya fahamu inayoongoza mtiririko wa damu huweza kuharibika kwa sababu zilezile, hasa sukari, na nguvu za kiume zikapungua. Mwingine huhisi kizunguzungu akisimama. Amitriptilini nayo huweza kuchangia. Linatibika kwa watu wengi, sema tu.

Usinunue vidonge vya nguvu za kiume kimyakimya. Kama uko kwenye ARV za mstari wa pili, zitolewazo za kwanza zikishindwa, zenye ritonaviri, ritonaviri huzuia ini kuviondoa, kiwango hupanda mara nyingi zaidi, na shinikizo la damu linaweza kuanguka ghafla.

"Ni wakati gani nisingoje kabisa?"

Udhaifu, si ganzi tu: miguu inashindwa kukubeba na hali inapanda siku hadi siku. Mkojo au choo kukutoka au kuziba. Ganzi upande mmoja wa mwili, au uso kupinda. Kupumua kwa shida. Kidonda kinachonuka, kinachogeuka cheusi, au mguu uliovimba na homa juu yake. Kwa haya hakuna "kesho asubuhi". Aliye Faza au Kizingitini atafutiwe boti usiku huohuo kuja hospitali ya King Fahd. Aliye bara aende hospitali iliyo karibu naye.

"Ramadhani imekaribia. Nizipange vipi?"

TLD ni mara moja kwa siku: chagua futari au daku, na ubaki hapohapo mwezi mzima. Amitriptilini imezwe baada ya tarawehe. Ukiimeza daku utasinzia hadi adhuhuri. INH hufanya kazi vizuri tumbo likiwa tupu, kwa hiyo masaa mawili baada ya kula usiku panafaa, na B6 pamoja nayo. Wanaomeza ARV mara mbili kwa siku, na wenye sukari wanaotumia insulini au vidonge, waje tuzungumze kabla mwezi haujaandama.